Marhoon bin Sleiman, Aliyeshuka Shimoni Ruwi

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na dada yake, Mahfudha binti Sleiman, siku ya tatu ya tanzia, nyumbani kwa marehemu, Al Hail.

Tumeshamzika, tumeshamsomea. Sasa mniwie radhi, nnataka kueleza ndugu yangu alivyokuwa. Wanaume mlioko barazani nanyi msikie. Mlango nimeuacha wazi makusudi.

Marhoon alizaliwa Kikwajuni, Unguja, tarehe 3 Machi 1969, kitinda mimba wa mama yetu. Tulihamia Maskati mwaka 1974, naye wakati huo Kiarabu chake ni kile cha chuo cha Kurani tu. Tulipopata nyumba Ruwi, alichimba uani mpaka kuku wa mama akatumbukia. Mama akamshika sikio: "We mtoto, unatafuta nini huko?" Akajibu, "Nnatazama chini kukoje." Akachapwa, na kesho yake akachimba tena.

Alisoma skuli hapo hapo Ruwi, kisha akasomea uhandisi chuo kikuu na kumaliza mwaka 1992. Alijenga barabara na madaraja miaka mingi. Mwaka 2023 alichukuliwa na kampuni inayopima ardhi kwa ajili ya treni ya chini kwa chini. Alituchosha na treni yake! Ukimpa chai, anachora vituo kwa kijiko juu ya kitambaa cha meza. "Dada," akinambia, "utapanda Al Hail, hujamaliza tasbihi ushafika Ruwi." Nikamwambia mimi chini ya ardhi ntakwenda mara moja tu, na sitolipa nauli. Akacheka mpaka akapaliwa.

Alimuoa Aliya binti Sinan tarehe 12 Julai 1996, huko Quriyat. Nyumbani mwao kilisemwa Kiswahili, na kazini alitaka iwe vivyo hivyo. Vibarua waliotoka bara, akiwemo Ishaq wa Morogoro, hakuwasemesha lugha nyengine. "Hawa ndugu zangu," akijidai, "hatuhitaji mkalimani."

Maradhi hakuwa nayo, ila sukari kidogo, akiificha. Kilichomuua ni neno. Tarehe 9 Februari 2025 mawingu yalitanda milimani, naye akahofia maji ya bonde. Alimpigia simu Ishaq, aliyekuwa penye shimo la kupimia udongo Ruwi: "Fungeni pampu, muende zenu." Sisi humu tunafunga taa, tunafunga tivii, tunafunga pampu, na maana yake ni kuzima. Kwa Ishaq, kufunga pampu ni kuipachika mahala pake ifanye kazi. Na pampu mpya ilikuwa imeletwa asubuhi ile ile, imo sandukuni. Basi Ishaq na mwenzake wakashuka nayo, waifunge kwanza ndipo waende zao. Walitii.

Marhoon alipofika mvua ishaanza, na watu wako chini. Akawaita, pampu kuukuu inanguruma, hawasikii. Akashuka mwenyewe kwa ngazi, akawatanguliza wao kupanda. Ukuta ukamporomokea yeye. Ishaq alirudi kumfukua kwa mikono, mpaka kucha zikamtoka.

Alifariki hospitali alfajiri ya tarehe 11 Februari. Usiku wa kwanza alikuwa bado anasema, na aliyekuwa naye ni mkewe peke yake. Alimwambia: "Mimi ndiye niliyewaambia wafunge. Wasionewe." Aliya akamwambia apumzike. Akasema, "Niahidi kwanza." Akamuahidi.

Kampuni imeandika kwamba Ishaq aliambiwa azime, akakaidi, akamuua mhandisi. Kijana wa watu sasa yuko korokoroni, na sisi hapa tunapitishiana kahawa. Na wamo humu jamaa zangu wanaosema jina la Marhoon lisiguswe. Eti Aliya yumo edani, mjane hatoki, basi neno life naye. Hee! Mnaona haya kusema ndugu yetu aliteleza ulimi, hamuoni haya kumsingizia mtu aliyemfukua? Nimemuuliza sheikh. Mjane hutoka mchana kwa dharura. Kama hii si dharura, basi mnambie dharura ni ipi.

Ameacha mjane, Aliya. Watoto wawili, Lujain na Loay. Mjukuu mmoja, Fajr, ambaye bado anamwita kila akisikia gari. Na mimi, dada yake. Nina hasira na huzuni, na sijui ipi inatangulia.

Maneno haya Aliya ameyasikia kabla yenu. Kesho asubuhi atakwenda kwa mwendesha mashtaka kusema alichoambiwa, na Loay ndiye atakayempeleka. Anayetaka kumzuia na asimame amzuie sasa hivi, mbele ya watoto wa Marhoon.

Mola amkunjulie kaburi lake, wala asije akaulizwa yeye kwa neno tuliloshindwa kulisema sisi.