Mwalimu Idarus na 1,000,003

Tarehe 30 Aprili mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha hisabati katika shule yetu hapa Chaani, Mwalimu Idarus Sharif anastaafu. Ndege ikipita juu ya mabati ya darasa, yeye hunyamaza, kisha huendelea pale pale alipoachia. Siku ya mtihani huwaambia wanafunzi, “Haya, bismillahi, tusitishane.” Ila yeye mwenyewe namba moja ilimtisha.

Miaka minne iliyopita Jalila, wa kidato cha pili, alimwuliza: baada ya milioni moja, namba tasa ya kwanza ni ipi, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe? Akajibu papo hapo: 1,000,003. Alipotoka darasani jasho lilimtiririka. Aliikariri tu ujanani, hakuwahi kuihakikisha. Je, kama amemdanganya mtoto wa watu?

Mbili za mwanzo hazikumsumbua: 1,000,001 ni 101 mara 9,901, na inayofuata ni shufwa. Lakini hii ya tatu ilitaka igawanywe kwa kila namba tasa iliyo chini ya elfu, nazo ni 168. Mwalimu Fancy, kijana wetu, alimcheka: “Si uulize simu tu?”

“Nami nifanye kazi gani, mwanangu?”

Kila Ijumaa kabla ya swala aligawa kwa namba moja, pamoja na mwalimu mwenzake, marehemu mume wangu Luqman. Mimi, karani wa shule, niliwapelekea chai. Kwa 7, 11 na 13 ilibaki 4 kila mara, wakacheka. Kwa 53 ilipungua moja tu igawanyike. Siku hiyo Luqman aliiacha chai yake mpaka ikafanya utando.

Kwa 89 Luqman aligawa peke yake, mgonjwa kitandani. Wiki ile ile tulimzika. Mwalimu alipofungua daftari akakuta: baki 0. Hakumwambia mtu. Aliubana ukurasa ule kwa kibanio, akaendelea na namba nyingine. Aliogopa kusahihisha mkono wa marehemu, na aliogopa pia kwamba marehemu amepata.

Mwezi uliopita alinijia. “Mastura, siwezi kuondoka na hili peke yangu.” Akanifungulia ukurasa ule, wenye mwandiko wa Luqman. Tukazidisha pamoja, 89 mara 11,236. Ikaja 1,000,004. Luqman aliandika 3 mwishoni badala ya 4. Baki ni 88. Hapa tena ilipungua moja.

Mwalimu hakuifuta ile sufuri. Aliandika 88 pembeni, kwa penseli, akanipa daftari. Ukurasa mmoja aliuacha mtupu, wa namba ya mwisho, 997, niufanye mimi.

Niliuogopa siku tisa. Jana nimeufanya: baki 12.

Jalila, popote ulipo, Mwalimu hakukudanganya. Nawe Mwalimu, ahsante kwa miaka yote. Wenzako tunakuombea afya, umri mrefu, na Ijumaa zisizo na jasho.

Bi Mastura, karani