Rahabu wa Kompyuta za Umoja, Aliyegeuka kwa Heshima

Marehemu Rahabu Yonas, binti Bartholomeo Mrutu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 kijijini Mhezi, kule juu karibu na Chome. Wazazi wake ni marehemu Mzee Bartholomeo na marehemu Mama Namsifu. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, na sauti ilipotoka chumbani bibi yetu alidhani mbuzi wa jirani ameingia ndani. Mimi kaka yake, Eliamini, ndiye niliyetumwa na fimbo kumfukuza huyo mbuzi. Nilipoingia nikaonyeshwa dada. Jambo hilo tulimtania nalo mpaka akawa bibi, naye alijibu hivi: “Na fimbo yako hukuitumia, kaka. Ulijua huyu si wa kuchezewa.”

Alisoma shule ya msingi Mhezi kuanzia mwaka 1955, kisha shule ya kati ya misheni, akamaliza mwaka 1962. Mwalimu wake alimlalamikia baba kwamba mtoto huyu haandiki kitu mpaka aambiwe kwa nini. Baba akasema, “Basi mwambie.” Mwaka 1966 alikwenda Tabora kujifunza uhazili. Alirudi anapiga taipu haraka hata kuku walikuwa wanakimbia, wakidhani mvua ya mawe imeanza.

Mwaka 1968 aliajiriwa mpiga chapa katika ofisi ya shamba moja la mkonge huku tambarare. Huko alikutana na watu wa kila kona ya nchi hii, akajifunza kuamkia kwa lugha zao. Wenye umri wangu mnaikumbuka miaka ya themanini ilivyotukaba. Sabuni hakuna, nguo tukafua kwa majani ya mpapai. Sukari tukaisahau ladha. Ofisini kwao utepe wa taipu ulikauka, wakawa wanauloweka kwa mafuta ya taa, na kila barua ikanuka kama kibatari. Marehemu alisema barua za miaka ile zilikuwa na faida moja, kwamba mende hawakuzisogelea.

Nirudi nyuma kidogo kwenye ndoa, maana bila ndoa haya ya mbele hayataeleweka. Tarehe 12 Desemba 1970 alifunga ndoa usharikani Chome na Yonas, kijana wa Kihurio, mkulima wa mpunga. Sisi wa mlimani tulimwonea huruma kwa joto na mbu wa huku chini. Yeye hakulalamika. Alishika adabu zote za ukweni, na kubwa kuliko zote ni ile ya jina. Baba mkwe wake ni Mzee Eliezeri, tuliye naye hapa. Rahabu hakuwahi kulitamka jina hilo, wala kumtazama mzee huyu usoni. Akimkuta njiani aligeuka pembeni, anaamkia akiwa amempa mgongo: “Shikamoo, Baba.” Mzee anajibu, “Marahaba, mama,” kila mtu anakwenda zake.

Mungu naye ana utani. Mtoto wa kwanza akawa wa kiume, na mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Kwa hiyo marehemu alizaa mtoto ambaye hakuweza kumwita. Akamwita Babu. Siku ya kumwandikisha shule, mwalimu aliuliza jina la mtoto, mama akasema, “Ana jina la babu yake.” Mwalimu akauliza babu anaitwaje. Mama akasema, “Kama mtoto.” Ndipo mtoto mwenyewe akajitaja, watu wakapumua. Tangu hapo wote tukamwita dada yetu Mama Babu.

Mwaka 1987 alihamia Umoja wa Wakulima wa Tangawizi na Kahawa, ofisi ya Same mjini. Kisha soko likafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakapanda mlimani na mizani zao, magari yakajaa Hedaru, kila mmoja na bei yake na maneno yake matamu. Umoja nao ukataka kusimama imara mbele yao, na mwaka 1995 wafadhili wakaupa kompyuta. Marehemu akapelekwa Moshi kufundishwa kuzisimamia.

Kazi hiyo wengi hapa hamkuielewa, hata mimi niliielewa kwa kumwuliza mara nyingi. Ilikuwa kuhakikisha kila kompyuta imefungwa inavyotakiwa na inamfungukia anayestahili. Kila mtu awe na jina lake kamili ndani ya mashine, na neno lake la siri asilolijua mwingine. Karani wa mizani aone mizani, wa ghala aone ghala. Ukiinuka kwenda kunywa chai, kioo kijifunge chenyewe. Disketi ya mgeni isiingizwe kabla haijapimwa virusi. Na mipango hiyo ifanane kwenye mashine zote. Nilimwuliza yote hayo ya nini. Akaniambia, “Kaka, kilo za mkulima wa Mhezi zikilala zimeandikwa, zisiamke zimepungua.” Nikaona ni kazi ya haki.

Haikuwa rahisi. Mwanzoni nusu ya ofisi walichagua neno la siri “shikamoo”. Akawakemea wabadilishe. Wakabadilisha wote, wakaweka “marahaba”. Mtunza ghala alipokuta mchezo wa karata umeondolewa kwenye mashine yake alikuja juu.

“Mama Babu, karata zangu zimekwenda wapi?”

“Zimekwenda likizo. Ghala umelimaliza?”

“Sasa saa ya kupumzika nifanye nini?”

“Pumzika.”

Sasa mwenyekiti wa Umoja wakati huo alikuwa nani? Ni huyu huyu Mzee Eliezeri, maana alikuwa na shamba la tangawizi mlimani. Na sharti la wafadhili lilisema mwenyekiti awemo ndani ya mashine, aweze kuona mizani yote, ingawa mzee mwenyewe hakuwa amegusa hata kibodi. Marehemu aliandika majina ya watu wote vizuri. Alipofika kwa mwenyekiti, mkono ukagoma. Akaandika MKWE. Kwake yeye lilikuwa jina kamili.

Jumanne tarehe 17 Septemba 1996 alikuja mkaguzi wa wafadhili, Bwana Daudi, mtu wa mjini, mpole lakini hakwepeki. Alikagua mashine zote akiitikia kwa kichwa, mpaka alipofika hapo.

“Huyu Bwana Mkwe ni nani?”

“Ni mkwe,” akasema marehemu.

“Mkwe nani?”

“Mkwe wangu.”

“Mama, nauliza jina lake.”

Bwana Daudi akavua miwani. Aliona mtu asiye na jina, ambaye hajawahi kuingia kazini, na ana ruhusa ya kuona kila kitu. Akasema hapo anaona mfanyakazi hewa, na tena hewa yenye cheo. Jina la kweli lisipoingia kabla hajaondoka siku hiyo, kompyuta zote zitarudishwa, na msimamizi wake atafute kazi nyingine.

Mwenzake wa ofisini, Ikupa, msichana wa Tukuyu, ndiye aliyemwokoa kwa maneno. “Bwana mkaguzi, ni Mzee Eliezeri, mwenyekiti. Mama hawezi kumtaja, ni baba mkwe wake. Hapa bado wanaoneana huruma. Kwetu sisi mkwe akitokea njiani unaingia migombani mpaka apite.”

“Basi andika wewe,” mkaguzi akamwambia.

“Haandiki,” marehemu akasema. “Masharti yenu yanasema jina linaingizwa na msimamizi au mwenye jina. Ikupa si mmoja wao. Nikimwachia kiti changu nitakuwa nimevunja la pili ili kuficha la kwanza.”

“Kwa hiyo utaliandika wewe?”

Marehemu aliweka vidole juu ya kibodi. Mtoto wa mwisho bado yuko shuleni, mpunga mwaka ule umeliwa na ndege, na kazi anayoipenda iko mwisho wa vidole. Akaviondoa, akasema, “Mwiteni Baba.”

Mzee Eliezeri alikuwa barazani na wakulima wa tangawizi. Aliingia na kofia mkononi. Mama Babu akainuka kwenye kiti, akageukia ukutani, akaamkia. Mzee akaitikia, akaketi, akaitazama kibodi kwa muda.

“Herufi hizi nani alizimwaga? Mbona A iko kule na B iko huku?”

“Ndivyo zilivyo, Baba,” akajibu marehemu, uso ukutani. “Zitafute tu, zote zimo.”

Akazitafuta. Moja, akapumzika. Nyingine, akapumzika. E aliibonyeza muda mrefu zikajipanga safu nzima, ikabidi zifutwe. Wakulima nao wakawa wamejaa dirishani wanamshangilia kama mpira: “Hiyo L, mzee! Kushoto! Umeipita!” Jina likatimia. Halafu mashine ikataka neno la siri.

“Sasa, Baba, andika neno lako, mimi wala mtu mwingine asilione.”

Mzee akainua kichwa, akawatazama Ikupa, mkaguzi na dirisha zima. “Mmemsikia mkwe wangu? Geukeni!”

Wakageuka wote, Bwana Daudi akiwa wa kwanza. Ofisi nzima ikatazama ukuta mpaka mzee alipokohoa kuashiria kwamba amemaliza. Bwana Daudi akacheka sana. Akasema, “Kila ofisi nawaambia watu wasichungulie mwenzao akiandika neno la siri, na kila ofisi wanachungulia. Hapa mna dawa, nanyi hamjui.” Akapitisha mashine zote. Kompyuta zikabaki Same, na Mama Babu akabaki na kiti chake. Tangu siku hiyo mtu akitaka kuandika neno la siri pale Umoja husema tu “Mkwe!” na walio karibu hugeuka. Mzee Eliezeri naye alinogewa, akawa anakuja ofisini kila Jumatatu kujiangalia kama bado yumo.

Marehemu alianza kuugua moyo mwaka 1999. Alitibiwa Moshi, akapata nafuu, akarudi kazini, akaugua tena. Mwezi Juni mwaka huu alimkabidhi Ikupa usimamizi wa mashine. Ikupa alipokwenda kumtazama wodini, mgonjwa alimwuliza, “Neno kuu la siri umelibadilisha?” Ikupa akasema ndiyo. “Umeweka lipi?” Ikupa akafungua mdomo. Mgonjwa akasema, “Ukilitaja, naamka kitandani hapa nikuchape.” Wakacheka mpaka muuguzi akaja. Alifariki kwa utulivu Alhamisi tarehe 9 Agosti 2001, mumewe akiwa amemshika mkono.

Kuna sharti moja alilisimamia bila kubembelezwa, kwamba mtu akiondoka, jina lake lifungwe kwenye mashine kabla kazi ya siku haijaanza. Jana Ijumaa Ikupa aliketi asubuhi, akalia kwanza, kisha akalifunga jina la Rahabu Yonas. Nilimwuliza kama basi, limefutika. Akaniambia, “Hapana, Mzee Eliamini. Jina halifutwi. Hakuna atakayeingia tena kwa jina hilo, lakini kilo zote alizozilinda zinabaki na jina lake pembeni.” Nimeona niwaletee maneno hayo kama nilivyopewa.

Marehemu ameacha mume, Yonas, watoto watatu, Eliezeri, Hedwiga na Evance, wajukuu watano, baba mkwe wake, Mzee Eliezeri, mimi kaka yake, na ofisi nzima ya Umoja.

Umetulindia vyetu, dada. Sasa Bwana akulinde wewe, na pumziko lako liwe la amani.