Balbu za Ukumbini

Fundi wa taa alikuwa amepakata boksi la balbu ndani ya basi, na mikono ilikuwa ikimtetemeka. Mama aliyeketi kando yake akashindwa kuvumilia.

"Baba, unaumwa?"

"Siumwi, mama. Naenda kupanda."

Akamweleza kuhusu ukumbi wa zamani ambao taa zake ziko juu kabisa darini. Mwezi uliopita ngazi ilimteleza, akabaki ananing'inia kwenye mnyororo wa taa mpaka mlinzi alipokuja.

"Si ununue balbu za kudumu?"

"Ndizo hizi. Lakini taa zile zimezibwa na vioo, joto halitoki. Zitaungua upesi, nirudi tena kule juu."

"Basi waambie wenye ukumbi unaogopa."

"Fundi mzima, na mvi hizi?"

"Siku ile unaning'inia, ulinyamaza?"

Fundi akainama. "Nilimwita mama yangu kwa sauti."

"Basi mlinzi anajua tayari."

Basi likasimama mbele ya ukumbi. Fundi hakuinuka. Yule mama akasimama, akalichukua boksi mapajani mwa fundi.

"Twende nikushikie ngazi," alisema. "Ila ukianguka, usiniangukie mimi."