Siku Sita Kutoka Tororo hadi Shambani

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Mwenyekiti wa Ushirika wetu, machifu na wazee, akina mama na akina baba wa Tiira, nawe Nurudin uliyeegemea lori lako: nawasalimu nyote.

Nimewataja mkubwa kwanza, kama tulivyolelewa. Basi na mbegu za pamba tulizigawa hivyo hivyo! Lori lilipakia Tororo, likapita hapa njia panda ya Tiira bila kusimama, likashusha zote Busia. Kutoka huko magunia yalipelekwa kwanza kwa chama cha wakulima kikongwe kuliko vyote, kisha kinachofuata kwa umri. Tiira, mdogo wa wote, ikangoja mbegu zirudi kwa njia ile ile zilizopitia.

Mwaka 1965 nilisimama mkutanoni nikatangaza kwa majivuno kwamba magunia yote mia nne yametoka ghala la Tororo. Makofi yakalia. Ndipo akainuka Peninah Okware, mkulima wa hapa.

"Mzee Maloba, mbegu ulizoniletea jana ni za kupanda au za kukaanga? Mvua imekwisha!"

"Mama, zilitoka Tororo mwezi wa tatu."

"Mimi silimi Tororo."

Watu walicheka mpaka Mwenyekiti akafuta machozi. Nimefundisha hesabu miaka kumi na minane, lakini siku ile ni mimi niliyesahihishiwa daftari. Nilikuwa nimepima nini? Mgongo wa lori likiondoka! Nani kati yetu alikuwa amepima mbegu ikiingia ardhini? Na ofisa wa kilimo alikuwa ametuonya waziwazi: msimu mwingine kama ule, kazi ya kugawa mbegu tunanyang'anywa.

Tukafunga karatasi kwenye kila gunia, hata yale yaliyokwisha kufika. Upande mmoja, tarehe ya kutoka Tororo. Upande wa pili, mkulima aandike siku aliyopanda, kisha airudishe. Karatasi za kwanza, za mbegu za kuchelewa zile, zilituaibisha: wastani wa siku thelathini na nne, na nyingi ya siku hizo gunia lilikuwa limelala Busia likingoja zamu ya heshima.

Nikamwuliza Nurudin angependa kushusha wapi.

"Mwalimu, mimi Tiira napita kila safari. Kwani breki zangu ni mbovu?"

Jibu lilikuwa hilo. Tukakodi nyumba hapa njia panda, tukachora njia upya: lori lishushe linapopita, na chama ambacho mvua imekifikia mapema kipate mapema. Wazee wa chama kikongwe walinuna, nasi tukaenda kuwaeleza mara tatu, nao wakakubali. Nawasifu mbele yenu, kwa sababu kukubali kuhudumiwa baada ya mdogo wako si jambo jepesi.

Mwaka jana wastani ulikuwa siku sita. Sita, ndugu zangu! Kazi ya mbegu imebaki mikononi mwetu, na nyumba ya kukodi imezaa ghala hili la matofali. Karatasi ya mwisho kurudi ninayo mfukoni, ina alama ya kidole chenye tope. Imeandikwa: "Nimepanda leo. Mvua bado inanyesha. Peninah."

Mheshimiwa, ufunguo uliandaliwa kwa ajili yako. Kwa ruhusa yako, leo tuanzie upande wa pili wa orodha.

Nashukuru kwa subira yenu na masikio yenu. Mama Peninah, njoo utufungulie mlango.