Ombi la Kuishusha Skana Chini, kwa Ajili ya Mkono wa Mzee Khatib

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani Lakhbir, mzaliwa wa Kisumu na mkaazi wa Acocks Green. Mwenyekiti wetu Bwana Kalpesh. Ndugu waalikwa: assalamu alaykum, sat sri akal, na habari za asubuhi kwa wote waliobaki.

KARIBU

Karibu Lozells, hapa hapa Birmingham. Umepanda ngazi za ghorofa mbili maana lifti ni mbovu, pole sana. Kunywa maji kwanza. Tumeandika kwa Kiswahili kwa sababu ulituambia kwenye simu kwamba bado unakikumbuka, na kwa sababu kwa Kiingereza tumeshaandika mpaka basi, tukajibiwa kwa heshima zote na hakuna kilichofanyika.

HISTORIA

Sisi ni watu tunaouguza wagonjwa wetu majumbani. Hukutana hapa kila Alhamisi. Tulianza kwa chai na malalamiko. Siku moja Bi Moraa akaikuta skana kuukuu iliyoachwa na ofisi ya zamani, ile mashine ya kulazia karatasi ili ipigwe picha. Akalaza kitunguu kilichokatwa juu ya kioo, akafunika kwa kanga badala ya kifuniko. Lo! Hatukujua kitunguu ni kizuri hivyo. Tangu hapo tunalaza maua, vitana, pete, bamia. Taa inapita polepole chini ya kioo, na kitu kikisogea, picha nayo inapinda.

MAFANIKIO

Tungeweza kuyasifu maonyesho yetu ya picha kule Ladywood, lakini tunalojivunia ni jingine. Mwenzetu Bi Mwanakhamis anamuuguza mumewe, Mzee Khatib, aliyekuwa kinyozi wa mtaa huu. Mikono ilipoanza kutetemeka alimkata Bwana Kalpesh kidevuni, na siku hiyo hiyo akafunga duka. Tangu hapo mikono yake inakaa mfukoni. Mwanakhamis ndiye anayemshika kifundo cha mkono ili kijiko kifike mdomoni, ili vifungo vifungike. Amechoka. Tunalisema kwa idhini yake: amechoka mpaka usingizi wenyewe unamkimbia.

Alhamisi moja alikosa wa kumwachia mzee, akaja naye. Mzee akakaa dirishani, akatutazama weee, kisha akasema, "Na mimi niweke mkono?" Tukampisha. Mwanakhamis, kwa mazoea, akamshika kifundo akakibana juu ya kioo ili picha isiharibike. Ikatoka safi, kila mshipa mahali pake. Mzee akaiangalia kwenye kompyuta.

"Huu si wangu," akasema. "Huu wa paspoti. Niachie, Mwanakhamis."

"Utatetemeka, mume wangu."

"Si ndio wangu huo?"

Akamwachia. Tangu mzee augue, alikuwa hajawahi kuuachia mkono ule bila kitu kumwagika. Taa ikapita, vidole vikatoka mawimbi mawimbi, kama kanga inayoanuliwa kwenye upepo. Mzee akacheka kwa sauti, jamani, akataka tena na tena. Mwanakhamis akaenda kukaa, akanywa chai yake ikiwa bado ya moto, akalia. "Nilikuwa sijui kama nimechoka hivi," akatuambia. Ikawa ndiyo Alhamisi yao.

CHANGAMOTO

Lifti ilikufa kabla ya Ramadhani. Mzee hawezi ngazi. Skana nayo hairuhusiwi kushuka. Wasimamizi wa jengo wanasema vifaa vibaki ghorofani, mambo ya bima, tusubiri kikao. Tumesubiri. Bi Safiya alileta skana yake ya nyumbani, mpya, nyembamba, lakini ile inaona kilichogusa kioo tu; mkono ukinyanyuka kidogo unapotelea gizani. Mzee alijaribu, akaurudisha mfukoni. Mwanakhamis naye amerudi kukishika kile kifundo, kutwa kucha.

MAOMBI

Tulikuwa na mengi: rangi ya kuta, birika, pazia. Tumeyaacha. Tunaomba moja tu, ruhusa ya kuishusha skana hadi ukumbi wa chini kila Alhamisi, mpaka lifti itengenezwe. Tutaibeba wenyewe. Wewe ni mjumbe wa kikao hicho, na tunaamini ukisema utasikilizwa.

Jambo la mwisho tumeliongeza sasa hivi kwa kalamu; si ombi, ni radhi. Ulipoingia mlango wa chini ulimpa mkono mzee aliyekaa pale na mkewe, naye hakuupokea. Tuliona ulivyobaki na mkono hewani, na uso wako ulivyobadilika. Tafadhali usimhesabie utovu wa adabu. Yule ndiye Khatib. Amevaa kanzu yake ya Idi kwa ajili yako, lakini aliona haya kukushika huku anatetemeka. Bado yuko pale pale chini, na wewe utatokea mlango ule ule.

Mungu akujalie afya, Mheshimiwa, na siku ukihitaji wa kukuuguza, akupe mwenye subira na ampe naye pa kupumzikia.

Ni sisi,
Kikundi cha Wauguzaji wa Alhamisi,
Lozells, Birmingham.