Marehemu Eldon Gingerich, Aliyekula Meza ya Peke Yake

Marehemu Eldon Gingerich alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 karibu na Mount Hope, Ohio, mtoto wa nne wa Mzee Menno na marehemu mama Saloma. Kwetu Waamishi, Wakristo tunaoishi kizamani bila umeme wala magari yetu, shule huishia darasa la nane. Alimaliza mwaka 1975, akarudi shambani. Siku moja alilima huku akisoma, farasi wakamfikisha katikati ya mahindi ya jirani. Baba akamwambia, "Eldon, hata farasi wameshajua hupo."

Mwaka 1980 alipiga magoti, akabatizwa. Mwaka 1984 akaondoka, akaenda chuo kikuu kidogo huko Indiana kusoma vitabu vikuu miaka minne, tangu Wagiriki wa kale hadi wanafalsafa wa Ulaya wa juzijuzi. Huko mwalimu hahutubii. Wote huketi meza moja kubwa, mwalimu anauliza swali moja, na kila mmoja husikilizwa mpaka amalize. Alimwandikia mdogo wake Lovina kwamba hajawahi kuketi mahali pazuri hivyo.

Lakini aliyebatizwa akiondoka hutengwa: waliobatizwa hawali naye meza moja mpaka atubu. Krismasi ya kwanza alipokuja nyumbani, mama alimwandalia kimeza kando ya jiko, chakula kilekile, kitambaa kilekile, akala peke yake. Akiwa hapo akauliza kama alivyofundishwa:

"Baba, haki ni nini?"

"Haki ni kufunga lango ulilopitia. Umeliacha wazi, ndama wameingia barabarani."

"Chuoni tungeanza kwa kuuliza lango ni nini."

"Na ndama wangekuwa wameshafika Indiana."

Nyumba nzima ilicheka, Eldon naye akacheka, kila mtu mezani kwake.

Alifundisha kozi hiyohiyo ya vitabu vikuu katika chuo kilekile tangu Agosti 1992. Tarehe 3 Juni 1995 alimwoa Corinne, mkutubi, wakajaliwa binti, Philippa. Baba hakuhudhuria harusi. Mwanzoni wanafunzi walikuwa arobaini, mwaka wa mwisho watano, na Mei 2023 chuo kikaifunga kozi. Meza ile kubwa ya darasa ilikuwa imeundiwa mle chumbani, haikupita mlangoni, ikakatwa kwa msumeno. Eldon alishika upande mmoja usianguke. Tangu siku hiyo vitabu vyake vilibaki kwenye maboksi.

Februari 2024 aligundulika ana saratani ya kongosho. Lovina alikuja kumuuguza. Alimlisha supu ya kuku kwa kijiko, kisha akatoka kwenda kula yake ngazini, maana naye amebatizwa. Tarehe 9 Oktoba baba, akiwa na miaka tisini, aliletwa kwa gari la kukodi.

"Baba, leo kula na mimi. Hata kipande cha mkate."

"Sema tu ulikosea, mwanangu. Nitakula hapahapa kitandani pako."

Eldon alikirudisha kipande kwenye sahani.

"Nitakuwa nakudanganya, baba."

Mzee alimshika mkono, hakuuachia mpaka dereva alipokuja. Mkate ulikauka kwenye sahani. Siku zile mbili Lovina alimwomba Mungu neno moja la kupatanisha litoke, kwa baba au kwa kaka yake. Halikutoka. Eldon alifariki tarehe 11 Oktoba, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Corinne, binti yake Philippa, baba mzazi, Lovina na ndugu wengine sita. Kimeza chake bado kipo kando ya jiko nyumbani kwa baba, hakuna aliyethubutu kukiondoa. Bwana ampumzishe Eldon, na kama huko kuna meza, amketishe pamoja na wengine.