Bi Domitila, Aliyeilinda Blogu Yetu

Baada ya miaka ishirini na minne katika redio yetu ya jamii hapa Ifakara, Bi Domitila Deogratias anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Alianza kwa kupokea matangazo ya vifo na mifugo iliyopotea; anaondoka akiwa mhariri wa blogu inayosomwa bonde zima.

Mwonekano wa blogu hiyo aliutengeneza mwenyewe. Aliipa rangi ya mpunga mchanga, akaongeza safu ya Kisukuma kwa ajili ya wafugaji, na juu kabisa akaweka kisanduku cha hali ya barabara na mito. Wakati wa masika wengi walifungua blogu kwa ajili ya kisanduku hicho tu; habari tulizozihangaikia sisi wengine, walizipita bila kuzisoma.

Masika moja, fundi wa kukodi alisasisha programu ya blogu bila kuweka nakala. Ukurasa ukarudi mweupe, kama tangazo la hoteli ambayo haijafunguliwa. Kisanduku hakikuwepo. Mzee Shilinde, mfugaji wa Mang'ula, akapiga simu: "Mama, redio mmeifunga?" Bi Domitila alimjibu kwa upole, akakata simu, akalia. Kisha akaanza kuandika upya kila kitu.

Ndipo alipogundua tatizo. Marekebisho yake yalikuwa ndani ya mafaili ya mwonekano wa asili, na toleo jipya likija huyafuta na kuweka mengine. Akayahamishia kwenye mwonekano mdogo wa pembeni, unaoutegemea ule wa asili lakini hauguswi na usasishaji. Tangu hapo ukimwamkia shikamoo aliitikia marahaba, kisha akauliza kama umehifadhi nakala.

Mwaka jana toleo letu la programu ya blogu lilikuwa limezeeka, na wahalifu wa mtandaoni wakaanza kulichokonoa. Mkurugenzi wetu, Sebastiani, alitaka lisasishwe siku hiyohiyo.

"Mwanangu, ngoja nijaribu kwanza kwenye nakala," Bi Domitila alimwambia. "Mvua imeshaanza. Ikiharibika humo, hakuna atakayekwama njiani."

Mkurugenzi akakubali. Na kweli, kwenye nakala kisanduku kiligoma kufunguka. Bi Domitila akatafuta mstari uliokuwa unagombana na toleo jipya, akaurekebisha, akajaribu tena, ndipo akasasisha blogu yenyewe. Vyote vilibaki mahali pake.

Wiki iliyofuata maji yalipanda karibu na barabara ya Mang'ula kuja Ifakara. Mzee Shilinde alisoma tahadhari kwenye kisanduku, akamwahisha binti yake mjamzito hospitalini Ifakara kabla barabara haijafungwa. Alijifungua salama. Mzee alipopiga simu kushukuru, Bi Domitila alitukabidhi simu ili nasi tumsikie.

Bi Domitila, Omega anayepokea kazi yako anaijua njia yote, kwa sababu ulimkalisha kwenye kiti chako ukasimama nyuma yake bila kugusa kitufe. Tunakushukuru kwa uvumilivu huo, na kwa ukali wako pia. Mungu akupe afya na siku nyingi za furaha. Nenda ukalime, ulale mchana ukitaka, na simu ya ofisini usiipokee. Tukikwama tutakuja wenyewe, na samaki mkononi.

Nazari, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako